Mlo wa Mazoezi Mbele ya Sinia la Wenzako

Mpwa wangu anafanya kazi Mombasa na kila alfajiri yuko jimu kabla ya kwenda kibaruani. Juzi alinipigia simu akiwa na dhiki. Wenzake kazini walikuwa wamepanga kumuaga mmoja wao katika mgahawa wa piza na tambi, mmoja wa ile ya mtindo wa Kiitaliano yenye matawi kwenye majengo makubwa ya maduka, naye alikuwa akitafuta udhuru wa kutokwenda. "Mjomba, pale hakuna ninachoweza kula," aliniambia. Kisha akaongeza jambo lililonigusa zaidi: hata Idd alikuwa anasita kuja nyumbani Garsen, kwa kuwa kila nyumba atakayoingia itamwekea sinia, na kila sinia litaharibu hesabu yake.

Sikumlaumu. Kijana anayejali mwili wake katika nchi yetu ya leo anastahili kuungwa mkono. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na kwa wanaume ni karibu mmoja kati ya watano. Presha na kisukari vimeingia hata vijijini. Lakini mlo unaomfanya mtu akimbie wenzake na kuogopa kwenda nyumbani kwao hauwezi kudumu, na mimi nilijifunza hilo kwa miaka niliyokula barabarani kati ya Garsen na Malindi. Nilimwahidi kwamba nitamweleza yote kwa utulivu, na haya ndiyo maelezo yenyewe.

Wakati huo kazi yangu ilikuwa kukagua visima na mabwawa ya maji katika vijiji vya Tana Delta, kaunti ya Tana River. Siku za kazi nilikaa Garsen, mwisho wa wiki nilirudi Malindi kwa familia. Daktari alikuwa ameniambia presha yangu imeanza kupanda, na mwalimu wa mazoezi mjini Malindi akaniandikia utaratibu kwenye karatasi: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe protini, robo iwe wanga, mafuta yapimwe kwa kijiko, kinywaji kisiwe na sukari. Kwa kuwa nilikuwa nanyanyua vyuma, alitaka nifikishe gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wangu kwa siku. Ulikuwa utaratibu mzuri. Ila uliandikwa kwa mtu anayejipikia, na mimi nilikuwa mtu wa hoteli.

Hoteli ya kwanza iliyonifundisha iko karibu na stendi ya Garsen, pale mabasi ya Lamu, Hola na Garissa yanapopumzika. Asubuhi kuna mahamri, chapati, viazi karai na chai ambayo maziwa, majani na sukari vimechemshwa pamoja katika sufuria moja tangu kabla ya jua kutoka. Mahamri unaweza kuyaacha. Sukari iliyokwisha chemshwa ndani ya chai huwezi kuitoa. Nilimwambia mama mwenye hoteli, "Mama, naomba turungi bila sukari, mayai mawili ya kuchemsha, na mbaazi bila mahamri."

Alinitazama kwa huruma. "Baba, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nataka nisiumwe."

Alicheka, akanipa nilichoomba. Nilipozoea kuja, akaanza kuweka birika dogo la turungi isiyo na sukari pembeni mwa jiko. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitarajia. Madereva wawili wa malori, mwalimu mstaafu na mzee mmoja mfugaji, wote walianza kuomba kutoka birika lile. Wengine walikuwa wameambiwa na daktari zamani kwamba wana kisukari, na kila asubuhi walikuwa wakinywa kilichopo kwa sababu waliona aibu kuomba kitu cha peke yao. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 4 hivi. Vikombe vitatu vya chai yetu ya kawaida vinaweza kumaliza kipimo hicho kabla ya adhuhuri.

Funzo nililolipata pale ni kwamba anayeuliza kwa adabu hajiombei peke yake. Hoteli hupika kile inachodhani watu wanataka. Mmoja akisema, wengine kumi walionyamaza wanapata nafasi.

Mchana nilikuwa nakula kwenye hoteli ya Wasomali, na chakula kikuu pale, pamoja na wali na nyama ya mbuzi, kilikuwa tambi. Wageni kutoka Nairobi hushangaa kuona tambi za Kiitaliano katika mji wa wafugaji na wakulima wa mtoni, lakini njia zilizopitia zinajulikana. Italia ilitawala kusini mwa Somalia hadi 1941, ikarudi kama msimamizi chini ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Hata Kismayu na eneo la Jubaland, lililokuwa sehemu ya koloni la Kenya, Uingereza ililikabidhi kwa Italia mwaka 1925. Wasomali walizichukua tambi, wakazitia viungo vyao, wakazila na nyama na ndizi mbivu pembeni. Biashara ya mifugo na ya dukani ilizisogeza kusini, na vita vya 1991 vilipowaleta wakimbizi kwa maelfu hadi Dadaab, mapishi yao yakaenea zaidi kaskazini mashariki na kuteremka na mto mpaka kwetu. Ndizi iliyowekwa pembeni mwa sahani ile Garsen mara nyingi imetoka shamba la Mpokomo ukingoni mwa Tana. Chakula cha mbali kikakutana na tunda la nyumbani.

Kwa utaratibu wangu, sahani ile ilikuwa mtihani. Tambi zilikuwa mlima, nyama vipande vichache juu yake, mboga hakuna, na mafuta yakimeremeta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, na pale hukuweza kujua vimeingia vingapi. Nikaanza kuagiza hivi: tambi nusu, nyama mara mbili, kachumbari sahani nzima, mchuzi pembeni. Bei ilipanda kidogo kwa sababu ya nyama, nami niliona ni halali. Protini ni ghali popote duniani.

Lakini kula peke yangu kulikuwa nadra. Mara nyingi nilikuwa na kamati ya maji ya kijiji, na kamati hula sinia moja. Nilikuwa nimesoma ushauri mwingi wa mazoezi unaosema usile chakula usichoweza kukipima, na sinia la pamoja halipimiki. Siku moja tulikuwa watu sita kwenye mkeka: mzee Muorma, vijana watatu waliokuwa wamechimba tangu alfajiri, dereva wetu na mimi. Adabu ya sinia ni kwamba kila mtu anakula upande wake, na mkubwa wa pale ndiye anayegawa nyama. Mzee alinisogezea mimi mgeni minofu mizuri. Nikamshukuru, nikala nyama na kachumbari, na tambi za upande wangu nikazisukuma pole pole kuelekea kwa vijana. Walizimaliza kwa furaha, kwa maana wao ndio waliokuwa wametoa jasho. Hakuna aliyekosewa heshima, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nikaelewa pale kwamba sinia lina hekima yake. Sahani ya mtu mmoja inaamua kabla hujaketi kwamba wewe na kijana wa miaka ishirini anayechimba kisima mna njaa sawa. Sinia linamwachia kila mwili uchukue kadiri yake, mradi kuna kujizuia na kuoneana huruma. Mtu wa mazoezi anayeliogopa sinia anaikimbia meza inayompa uhuru mkubwa kuliko zote.

Mwisho wa wiki, kwenye njia ya kurudi, tulipita Minjila, kisha Marereni na Gongoni penye mashamba ya chumvi, tukaingia Malindi, ambako tambi zilifika kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1967 Italia ilirusha setilaiti kutoka kwenye majukwaa ya San Marco, yaliyojengwa baharini mbele ya Ngomeni chini ya uongozi wa profesa Luigi Broglio. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri yetu, ikarushwa pale setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru. Wahandisi na mafundi wa kituo kile waliufahamu mji wa Malindi, na baada yao watalii na wawekezaji wa Kiitaliano wakaja kwa wingi. Leo mtoto wa Malindi anaweza kuuza ukwaju huku akizungumza Kiitaliano cha kutosha kufanya biashara.

Kazi ilinipeleka kwenye migahawa ya Waitaliano hao kwa sababu semina nyingi za miradi ya Tana River hufanyika Malindi, kwenye kumbi za hoteli. Hapo nilimwona kwa mara ya kwanza Mwitaliano mzee akila chakula chake cha mchana, na nilitazama kwa makini kama mwanafunzi. Aliletewa tambi kwanza, sahani ndogo ambayo pale Garsen mtu angeirudisha jikoni akidhani imesahaulika nusu. Akaimaliza. Kisha akaletewa samaki wa kuchoma na mboga za kuchoma: biringanya, pilipili hoho na kitunguu, vimenyunyiziwa mafuta ya zeituni na ndimu. Hakunywa soda. Mhudumu, kijana wa Kigiriama aliyekuwa amefanya kazi pale tangu atoke shule, alinieleza kuwa jikoni wanapima gramu 80 za tambi kavu kwa mtu mmoja, na kwamba wanazitoa majini zikiwa bado na ugumu kidogo ndani.

Gramu 80 za tambi kavu ni kama kalori 280, na zina gramu 10 hivi za protini. Tambi ambazo hazikuiva kupita kiasi huingiza sukari kwenye damu taratibu kuliko zilizolainika kama uji, na taratibu zaidi kuliko mkate mweupe. Kumbe tambi haikuwa adui niliyeambiwa. Kwa Waitaliano tambi inafungua mlo, kisha inawapisha samaki na mboga. Ilipotufikia sisi, kaskazini na kusini, iliachwa ibebe mlo wote peke yake, kwa sababu ngano ni rahisi na nyama ni ghali. Umaskini ndio uliobadilisha sahani, na mtu anayetaka afya anaweza kuirudisha kwenye mpangilio wake bila kumtukana mpishi yeyote.

Tangu siku hiyo nilijua namna ya kuagiza Malindi. Mchuzi wa nyanya badala ya krimu, maana krimu na jibini ndizo zinazopandisha hesabu kimya kimya. Pweza, nguru au kamba wa kuchoma kuwa chakula kikuu. Saladi mwanzo, si mwisho. Na ilinipa fahari kujua kamba wale wametoka wapi. Wengi huvuliwa katika ghuba ya Ungwana, ambako mto Tana unamimina maji baridi na udongo wa milimani, na vifaranga vya kamba vinakulia kwenye mikoko ya Kipini na vijito vyake. Tulikuwa tumekaa Malindi tukila kutoka Tana River, tumelipiwa na fedha za miradi ya Tana River, na orodha ya vyakula haikutaja Tana River popote.

Migahawa ya piza yenye matawi nilikutana nayo baadaye, nilipohamishiwa Mombasa. Nilijifunza kwamba ina faida moja ambayo mtu wa mazoezi anapaswa kuitumia: kila kitu kimepimwa. Donge la unga lina uzito uleule Nyali na Nairobi, jibini ni kipimo kilekile, kwa hiyo ukishajua kipande kimoja kinakupeleka wapi, umejua daima. Hasara yake ni kwamba kila kitu pale kimepangwa ili ununue zaidi: ya pili kwa bei ya punguzo, mkate wa kitunguu saumu kabla, soda kubwa juu yake, aiskrimu baada. Nusu lita ya soda ya kawaida ina zaidi ya gramu 50 za sukari, maradufu ya kile kipimo cha siku nilichokitaja. Pale nilikuwa naagiza ukoko mwembamba, kuku na mboga juu, vipande viwili vyangu na vingine vya meza, saladi kubwa na maji. Sherehe za kazini nilizihudhuria nzima, hotuba nilizisikiliza, na hakuna aliyekumbuka nilikula nini.

Naweza kuishia hapo na ushauri ungetosha. Lakini Tana River ilinifundisha jambo jingine, na bila hilo haya yote ni elimu nusu.

Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, mara tano mfululizo. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara. Mzee aliyewahi kunisogezea minofu kwenye sinia alibaki na ng'ombe wachache mno, na maziwa, chakula kikuu cha Waorma tangu enzi, yakawa ya kuomba kwa jirani. Kisha Novemba 2023 mvua za El Niño zikaja kwa kishindo, Tana ikafurika, barabara ikakatika, na mashamba ya mahindi na ndizi yakalala chini ya maji. Nilikwenda kuangalia visima vilivyofunikwa. Familia zilikuwa zimehamia kwenye miinuko chini ya maturubai, zikila mara moja kwa siku, mahindi na maharagwe ya msaada. Mama mmoja alinipakulia sima na maharagwe kutoka sufuria ya watoto wake. Nilijaribu kukataa, akasema, "Mwanangu, mgeni halali njaa kwangu."

Nilikula chote alichonipa, kwa sababu kukibakisha kungekuwa tusi kwake na kwa Mungu wake. Siku ile sikuwa na robo wala nusu ya sahani. Nilikuwa na deni. Uwezo wa kuchagua chakula, kupunguza hiki na kuongeza kile, ni neema ambayo jirani zetu wengi hawana. Utafiti uleule wa 2022 ulioonyesha unene ulionyesha pia kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchi moja inabeba yote mawili, wakati mwingine nyumba moja. Anayefuata mlo wa mazoezi huku akisahau hilo anaujenga mwili na kuudhoofisha utu. Mlo wangu ulipata maana mpya tangu pale: ninajitunza ili niweze kufanya kazi na kutoa, na nikikaribishwa na asiye na kitu ninakula kwa shukrani, kisha kesho ninarudi kwenye utaratibu. Mlo mmoja haumnenepeshi mtu, kama ambavyo mlo mmoja haumpunguzi.

Na maji yalipopungua, niliona jambo la kutia moyo. Maziwa ya delta, kama Shakababo, yalikuwa yamejaa upya. Kambare na kamongo wakavuliwa kwa wingi. Kwenye udongo mpya uliobaki, kina mama wakapanda kunde, pojo na mchicha. Miembe iliyosimama ikazaa. Ukikaa ukaijaza ile karatasi ya mwalimu wangu wa mazoezi, samaki kwa protini, kunde na pojo kwa protini na wanga, mchicha kwa nusu ya sahani, embe badala ya sukari, maziwa ya mgando baada ya mazoezi, utaona kwamba ni orodha ya mazao ya Tana. Vitu hivyo viko umbali wa kutembea kutoka kwenye stendi ya Garsen. Vinachokosa ni nafasi kwenye menyu.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimwambia aende kwenye sherehe ya mwenzake, aanze na saladi, achukue vipande vyake viwili, anywe maji, acheze na watu wake. Idd aje nyumbani, aketi kwenye sinia, ale nyama na kachumbari ya upande wake na awasogezee wengine wali. Akitaka chai isiyo na sukari aiombe bila aibu, kwani kuna shangazi yake mle ndani anayeihitaji kuliko yeye.

Wakubwa nao nina la kuwaambia. Hoteli za Garsen zinaweza kuweka birika moja la chai isiyo na sukari na sufuria moja ya mchicha na pojo kila siku. Gharama ni ndogo na wateja wapo. Na wanaopanga semina za kaunti na za mashirika, ambako maafisa wetu hula tambi nyeupe, mkate mweupe na soda kwa siku tatu mfululizo huku wakijadili lishe ya wananchi, wana mamlaka ya kuandika kwenye mkataba wa hoteli kwamba samaki, kunde na maembe yanunuliwe kutoka Tana Delta. Mvuvi wa Shakababo atapata soko, afisa atapata afya, na hakuna sheria mpya inayohitajika. Mahali pa kuanzia ni orodha ya vyakula ya semina ijayo.